Kitanda cha mwaka wa kwanza ni sehemu ya masomo ya uhandisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, huzikosesha usingizi nyumba nyingi za kisiwani Pemba, nalo ni makaazi ya vijana wetu wanaoingia mwaka wa kwanza wa shahada ya uhandisi. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita hapa Wete, na wanafunzi ninaowasomesha katika mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati ndio hao wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam, Mbeya na kwengineko, au wanaobaki Unguja katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iliyopo Mbweni. Wakirudi likizo hunipitia, na niliyoyasikia kwao yamenifanya niamini kwamba nafasi ya kulala inagawiwa kama hisani, ilhali kwa mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza kitanda cha dahalia, yaani bweni la chuo, ni sehemu ya masomo yenyewe.

Asiyepita katika fani hii hudhani kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu husikiliza mihadhara asubuhi, hurudi anakokaa akadurusu, kisha akangojea mtihani. Uhandisi hauendi hivyo. Mwaka wa kwanza hubeba hisabati, makanika, misingi ya umeme, uandishi wa programu za kompyuta, stadi za mawasiliano, michoro ya kihandisi na kazi za karakana, na masomo mengi kati ya hayo yana kazi za kukabidhi muhula mzima. Katika vyuo vyetu vingi kazi hizo pamoja na majaribio ya katikati ya muhula, ambazo wanafunzi wenyewe huziita koswek, huchukua alama 40 katika 100, na mtihani wa mwisho huchukua 60 zilizobaki. Aliyepata 12 tu katika zile 40 anahitaji 28 katika mtihani ili afikie alama 40 za kufaulia, na viko vyuo vinavyomzuia hata kuingia katika chumba cha mtihani ikiwa koswek yake haikufika 16. Kwa hivyo kijana anayezimaliza wiki za mwanzo akihangaika na dalali wa vyumba huwa ameshapoteza alama ambazo hakuna mtihani utakaomrudishia.

Nichukue mfano wa michoro ya kihandisi, kwa sababu hapo ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi. Mwanafunzi hupewa kipande cha chuma chenye matundu na mikunjo, akatakiwa akichore kwa sura tatu, kutoka mbele, kutoka juu na kutoka ubavuni, kwa vipimo sahihi na kwa mistari ambayo unene wake una kanuni zake. Waliosoma katika skuli za ufundi za Tanga, Moshi, Ifunda au Iyunga huikuta kazi hii wakiwa na uzoefu nayo tangu kidato cha kwanza. Wanafunzi wangu, ukiwatoa wachache waliopitia skuli za ufundi za Mikunguni au Kengeja, hushika rula ya T kwa mara ya kwanza wakiwa chuoni. Wanaifidia tofauti hiyo kwa njia moja tu: kukaa usiku na mwenzao anayejua, kwenye meza moja, mpaka mkono uzoee. Mhadhiri mwenye ukumbi wa wanafunzi mia mbili hana wakati wa kumshika mkono kila mmoja. Mwalimu wa kweli wa michoro katika muhula wa kwanza ni kijana wa chumba cha pili, naye hapatikani kwa anayelala maili kumi kutoka hapo.

Ripoti za maabara nazo hufanywa kwa makundi. Vipimo huchukuliwa mchana, lakini majedwali, grafu na hesabu za makosa ya kipimo hufanywa baada ya isha, wakati wote wameshakula na kusali. Anayekaa mbali huondoka kuwahi gari. Wenzake kwa huruma humtia jina kwenye ripoti, naye hupata alama sawa na wao, na hapo hapo hukosa kile ambacho alama zile zilikusudiwa kupima. Baadaye, mbele ya karatasi ya mtihani, huruma ile haimsaidii kitu. Waalimu wa vyuo hulikemea jambo hili, na wana haki ya kulikemea, lakini ningependa wajiulize pia ni wangapi kati ya wanaotiwa majina tu wangefanya hivyo kama wangekuwa na pahala pa kukaa karibu na kundi lao.

Familia nyingi za Pemba hulitatua tatizo la makaazi kwa njia tuliyoizoea, yaani jamaa. Kijana huambiwa atafikia Dar es Salaam kwa ami yake Temeke au kwa shangazi yake Mbagala, na mzazi hutua moyo. Siwalaumu ndugu hao, kwani wengi wao huwapokea watoto wetu kwa wema mkubwa katika nyumba ambazo zenyewe hazina nafasi. Hata hivyo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni kupelekwa dukani, kukaa na watoto wadogo na kuteka maji yanapotoka usiku wa manane. Nani atakunjua karatasi ya kuchorea ya ukubwa wa A1 katika ukumbi ambao watu sita wanatazama televisheni? Kutoka Mbagala mpaka Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si safari ya kufanya mara mbili kwa siku na bado ukabaki na akili ya kutafuta kipeo cha pili cha kitu chochote.

Anayetaka kupanga mwenyewe katika mitaa ya jirani na chuo kama Changanyikeni, Makongo au Msewe hukutana na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anayetaka ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonesha mlango. Tukikadiria chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi, ambacho si cha anasa, kijana anatakiwa awe na shilingi 560,000 mkononi kabla hajanunua godoro. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha za chakula na malazi za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ni shilingi 10,000 kwa siku, na bumu hilo huja kwa awamu, mara nyengine baada ya masomo kuanza. Mzazi mwenye mashamba mawili ya mikarafuu, katika mwaka ambao karafuu hazikuzaa, atazitoa wapi fedha hizo ndani ya wiki moja?

Jambo linalozidisha uzito ni mpangilio wa udahili. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huendesha udahili kwa awamu, na wanaopata nafasi katika awamu ya mwisho hufika wakati wenzao wameshaomba vitanda, wameshalipia na wameshaingia. Katika vyuo vingi anayewahi ndiye anayepata. Utaratibu huu unaonekana wa haki kwenye karatasi, lakini mwenye kukaa Sinza, Dar es Salaam, na mwenye kukaa Micheweni, Pemba, hawaanzi mbio pahala pamoja, na yule wa Sinza akikosa kitanda bado ana kwao.

Kuhusu watoto wa kike nitasema wazi. Chumba cha michoro na maabara ya kompyuta hutumika mpaka usiku, na mzazi wa Pemba hatakubali binti yake wa miaka ishirini atembee saa nne za usiku kurudi kwenye chumba cha kupanga katika mtaa asioujua. Basi mara nyingi binti aliyefaulu fizikia kwa daraja la juu hushauriwa abadilishe fani, asomee ualimu au utawala Unguja, ambako ana mama mdogo wa kumpokea. Ualimu ni kazi yangu na siudharau. Ila fani inapochaguliwa kwa kuangalia kitanda, kiitwacho usawa wa kijinsia katika sayansi kinabaki kwenye mabango tu.

Wako watakaouliza kwa nini wahandisi wapendelewe na si wengineo. Sihoji hadhi ya fani yoyote, nahoji ratiba. Mwanafunzi anayeweza kusoma kitabu chake ndani ya daladala na anayehitaji ubao wa kuchorea, karakana na wenzake wanne hawana mahitaji sawa, na ikiwa iko fani nyengine yenye ratiba kama hii, basi nayo iingizwe. Wengine watasema vijana wa dahalia huharibika. Mimi nawajua walioharibika wakiwa majumbani mwao. Ushahidi wa thamani ya kitanda cha chuoni wanautoa wanafunzi wenyewe kwa ule mtindo wanaouita kubebana, ambapo wawili hulala kitanda kimoja chembamba kwa siri, huku mmoja wao akijua kwamba akikamatwa ataadhibiwa. Hakuna anayevumilia joto la Dar es Salaam namna ile kwa kupenda.

Wala si jambo lisilowezekana. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata majengo mapya ya dahalia yenye nafasi ya wanafunzi 3,840, na hilo lilifanyika kwa sababu serikali iliamua. Zanzibar nayo ina sababu zake za kuamua: nchi ambayo kisiwa chake cha Unguja kilikaa bila ya umeme wa gridi kwa miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na ambayo Pemba yake inategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, haihitaji kuelezwa kazi ya mhandisi.

Ninachokiomba ni kwamba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ilipie moja kwa moja chuoni kitanda cha mwaka wa kwanza cha kila mnufaika wake wa uhandisi, kabla ya chuo kufunguliwa, na ikate gharama hiyo katika mkopo wake. Vyuo navyo viweke akiba ya vitanda kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaotoka ng'ambo ya bahari na mikoa ya mbali, ikiwemo wale wa awamu ya mwisho, hata kama vitanda hivyo vitakaa wazi kwa wiki tatu. Kwa upande wa Taasisi ya Karume, Mbweni, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iangalie kwanza wanaotoka Pemba pale nafasi za malazi zinapogawiwa, kwani wa Mwanakwerekwe, hapo hapo Unguja, anaweza kwenda kwao na kurudi.

Majina ya waliochaguliwa hutangazwa wiki kadhaa kabla ya masomo kuanza. Muda huo unatosha kwa Bodi kukaa na maofisa malazi wa vyuo wakaoanisha orodha zao, na mimi na waalimu wenzangu wa kidato cha sita tuko tayari kuwapelekea majina ya wanafunzi wetu siku hiyo hiyo yanapotoka.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati,
Wete, Pemba.