Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: Kaburi la Sharifa lina wenyewe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, basi marahaba kabla hujatamka. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Dunda. Nakuandikia kuhusu matembezi yale ya kuongozwa, ambayo wageni hupitishwa kwenye makaburi, misikiti na kanisa la mji wetu wakisimuliwa visa vyake. Sikuja kuyapinga. Vijana wetu wanapata riziki humo, na mimi hufurahi kuona mtu ametoka mbali kuja kusikiliza habari za Bagamoyo.

Hivi karibuni binti yangu aliyeolewa Mwanza alikuja na wakwe zake, nikasema leo nami nitembezwe kama mgeni. Tukampata kijana mmoja, mcheshi, mdomo hauna breki. Tulipofika kwenye magofu ya Kaole, penye kaburi la Sharifa, mwanamke mchamungu wa zamani, tulimkuta mama ameketi chini, kanga kichwani, viganja vimefunguka. Yule kijana hakupunguza sauti. Alisimama hatua mbili tu kutoka kwake akatueleza kwamba "hapa watu bado wanaleta mambo yao ya imani," akacheka, na wageni wawili watatu wakacheka naye. Mmoja akakanyaga ukingo wa kaburi apigwe picha vizuri. Mama akajipangusa uso, akainuka.

Nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia, "Usijali bibi, nitarudi wakishaondoka."

Hilo "nitarudi wakishaondoka" ndilo lililonikalisha kuandika. Kaole tumezoea kuiita magofu, na kweli ni magofu: misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mkubwa wake ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi mengi, mengine yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za Kichina enzi hizo. Bandari ile ilikufa mikoko ilipoota na matope yakajaa, majahazi yakahamia huku kwetu. Lakini kaburi la Sharifa halijafa na bandari. Watu wanakwenda na haja zao: mwenye mgonjwa, mwenye mtoto anayengoja mtihani, mwenye ndoa inayoyumba. Wapo masheikh wasiopenda jambo hilo, nami nina maoni yangu ambayo si lazima uyajue. Ninachosema ni kwamba anayepiga dua pale si sehemu ya maonyesho.

Kwenye mbuyu wa Kaole sina ugomvi na mtu. Wageni huambiwa ukiuzunguka unaongeza umri, wote wakazunguka wakicheka, na mimi na miaka yangu 62 nikazunguka nao. Umri sijui, magoti ndiyo yaliyoongezeka maumivu. Hicho ni kisa cha kufurahisha watu na kila mmoja anajua ni kisa. Tabu huanza pale kisa kinaposemwa kwa sauti ileile ya tarehe. Kijana wetu alitueleza habari za handaki la Ngome Kongwe, habari za wapenzi waliozama baharini wakazikwa pamoja Kaole, na habari za mwaka 1868 mapadri walipofungua Misheni, zote kwa uhakika mmoja. Neno "inasemekana" halikumtoka hata mara moja.

Nikupe mfano mkubwa zaidi, jina lenyewe la mji. Wageni wetu waliambiwa kwamba Bagamoyo ni kilio cha watumwa: bwaga moyo hapa, hutauona tena nyumbani. Mkwe wangu mmoja alitokwa na machozi. Watumwa walipita hapa wakivushwa kwenda Unguja, hilo halina mjadala, na asiwepo wa kulifuta. Lakini mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Kubwaga ni tendo la mpagazi. Mtu hubwaga mzigo akifika, akatua, akapumua. Aliyekata tamaa tunasema amevunjika moyo. Aliyebwaga moyo ametulia. Wapagazi walitembea miezi kutoka Tabora na Ujiji na pembe za ndovu mabegani, na hapa ndipo walipoiona bahari na ujira wao. Ipo simulizi yao pia, kwamba jina ni furaha ya kufika. Mgeni apewe zote mbili, achague mwenyewe cha kulilia.

Tena kuna jambo la ajabu ambalo kijana wetu alilipita bila kulijua. Tulipofika Misheni alitueleza vizuri kwamba mwili wa David Livingstone uliletwa hapo Februari 1874 ukalala usiku mmoja kanisani kabla ya kuvushwa Unguja. Waliouleta, Susi na Chuma na wenzao, walitajwa kama "watumishi wake", basi. Watu waliobeba maiti iliyokaushwa kwa miezi tisa hivi, kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mpaka pwani! Na moyo wake waliuzika kulekule Chitambo chini ya mti. Yaani moyo ulibwagwa kabla ya kufika Bagamoyo. Ningekuwa mimi ndiye mwongozaji, hapo ningesimama robo saa.

Na kuna asiyetajwa kabisa. Sheikh Yahya bin Abdallah, wengi wanamjua kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa mjini huku mtumwa, akiwa mtoto, kutoka Manyema, Kongo ya leo. Akasoma, akawa sheikh wa Kadiria, tarika ya kisufi, mji mzima ukakaa miguuni pake kusikiliza darasa. Alifariki 1931 na Maulidi ya Bagamoyo hayatajwi bila yeye. Wakwe zangu waliondoka wakiujua mti wa baobabu wa Misheni na mnyororo ambao Madame Chevalier alifungia punda wake, ukamezwa na gome, jambo zuri, lakini hawakujua kwamba mtumwa aliwahi kuwa mwalimu wa mji huu. Ukiwaambia watu habari za watumwa halafu ukamwacha Ramiya, umewapa nusu, na hiyo nusu uliyowapa ndiyo ya waliomnunua.

Ombi langu, Mheshimiwa, si kubwa. Waite waongozaji, wakalishe na wazee wa mji siku mbili tatu: maimamu, mapadri wa Misheni, kina bibi wanaojua Kaole, na watu wa mambo ya kale. Kila kisa kipimwe kipi kina ushahidi, kipi ni cha kusimuliwa. Wasikatazwe visa, maana mji usio na visa ni majengo tu. Wafundishwe kusema "inasemekana" bila kuona haya. Pale kwenye makaburi pawekwe utaratibu: anayeomba akiwapo, kundi lingoje kwenye kisima au kule mbuyuni, na kamera zishushwe. Kanga za kujifunika ziwepo za kuazima, zisiwe za kuuza. Misikitini watu wasipelekwe adhana ikiwa imeshaadhiniwa. Na Ijumaa mchana matembezi yasimame, kama Jumapili asubuhi yanavyopaswa kusimama kule kanisani.

Najua utaniambia hayo ni ya wizara, si ya ofisi yako. Huenda. Lakini ofisi yako ndiyo inayoweza kuwaita watu wote hao chini ya paa moja wakaja. Mimi nikiwaita watakuja wachache, na wengine watauliza kama kuna chai.

Kijana yule simtaji jina, na nakuomba usimtafute. Alikuwa mpole, alimshika mkono mkwe wangu mzee kwenye ngazi, na hakuna aliyempa hata daftari moja la kusoma kabla ya kumkabidhi wageni. Siku tunaagana nilimweleza habari za Sheikh Ramiya, akatoa simu akaandika.

Ukipata Jumamosi yenye nafasi, nitakutembeza. Tuanzie Kaole saa 1 asubuhi kabla jua halijakolea, bajaji nitaitafuta mimi. Yule mama huenda tukamkuta. Akiwepo, tutangoja kisimani mpaka amalize.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Dunda, Bagamoyo