Masereka, usitie sahihi kwanza

Mbarara, Februari

Ndugu yangu Masereka,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mama kifua kimepoa na anakusalimu sana. Ujumbe wako Biira alinifikishia, na tangu hapo sina raha. Ati unataka kukopa kwenye chama, ukodi vidimbwi vingine viwili vya kukaushia maji ya chumvi hapo ziwa Katwe, halafu ulipe kwa chumvi ya Aprili? Tafadhali, nisikilize kwanza.

Kidimbwi unakijua kuliko mimi. Umeona mwenyewe: siku za mwanzo maji yanashuka haraka, yakishakuwa mazito yanasuasua, na jua ni lile lile. Kinachoyachelewesha ni chumvi yenyewe. Ikiyeyuka, inayashika maji, na mvuke unaotoka unapungua. Mfaransa Raoult aliyapima mambo haya miaka ya 1880, na wanafunzi wangu wanayasoma mpaka leo. Maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, kama gramu 360 kwa lita moja ya maji, nguvu ya mvuke wake ni robo tatu tu ya ile ya maji matupu. Kwa hiyo unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, kidimbwi kilichoshiba hakikauki kabisa, bali kinavuta maji kutoka hewani! Ya Katwe yana magadi pia, kipimo kitahama kidogo, lakini mwendo ni huo huo. Na unyevu wa asubuhi za Aprili unaujua.

Ndiyo sababu magunia ya Muhindo yanalowa stooni kila masika. Watu wanasema paa linavuja, wanamwonea bure.

Na ukifikiria kuyachemsha maji hayo kwenye mapipa badala ya kungoja jua, hapana. Mahali pa mita 900 hivi kama hapo, maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 97, hayo yaliyoshiba yanataka kama nyuzi nane zaidi, na kuyakausha yote ni kazi ya kuni nyingi mno. Utazitoa wapi, nawe umezungukwa na hifadhi? Halafu pipa litaliwa. Angalia kile kiwanda kilichokufa hapo ziwani, mabomba yake yalimalizwa na maji hayo hayo.

Kwa vidimbwi ulivyonavyo, mvua ikikukuta usiingie na miguu, usikoroge. Lita ya maji ya mvua ni kilo moja, ya maji yaliyoshiba ni karibu kilo 1.2, basi mvua inalala juu. Itoe hapo juu polepole, mapema, kabla upepo haujayachanganya. Ule utando mweupe ukiyeyuka usiulilie, kilichoko chini ndicho mali.

Na Kabugho mwambie swali lake, kama maji ya chumvi yanaganda kwenye friji, nimelipenda: chumvi inazuia hata kuganda. Ikiwa nyingi, maji yanaweza kufika nyuzi 21 chini ya sifuri, na friji ya samaki kwa kawaida haifiki huko.

Lakini narudi kwenye mkopo, maana ndio unaoninyima usingizi. Marejesho yanaanza mwezi gani hasa? Dhamana umeweka nini, si lile shamba la mama yako? Mwenye vidimbwi hawezi kukusubiri mpaka Juni, jua likirudi? Na mkeo anasemaje? Nipigie kabla hujatia sahihi, hata usiku.

Wako,
Hamisi