Kivuko cha shule hakipimwi saa nne asubuhi

Ndugu Mhariri,

Halmashauri yetu imetujibu kwamba kivuko cha waenda kwa miguu tulichoomba mbele ya shule ya msingi hakitajengwa. Sababu ni tatu: wavukaji ni wachache, hakuna ajali iliyoripotiwa, na tuta lake litachelewesha magari. Naomba nafasi nizijibu, maana majibu ya aina hii wananchi huyapokea kimya wakidhani utaalamu umeshasema.

Kipimo cha wavukaji kilichotajwa kwenye jibu hilo ni cha Waingereza. Idadi ya wavukaji kwa saa huzidishwa kwa mraba wa idadi ya magari kwa saa, kwa wastani wa saa nne zenye shughuli nyingi zaidi. Jibu likifika milioni 100, kivuko kinastahili. Shule inapotelea hapo kwenye wastani. Tuseme saa moja ya asubuhi wanavuka watu 500, na katika saa nyingine tatu wanavuka 100 kila saa. Wastani ni 200. Magari yakiwa 700 kwa saa, jibu ni milioni 98, na ombi linakataliwa. Lakini ile saa ya watoto peke yake inatoa milioni 245. Waingereza wenyewe, katika mwongozo wao wa mwaka 1995, waliacha kuitegemea namba hiyo moja na kuelekeza eneo lipimwe kwa mapana: nani anavuka, magari yanakwenda kasi gani, mtu anasubiri muda gani.

Tena basi kuhesabu kwenyewe kulifanyika saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani. Na mzazi anayempakia mwanawe kwenye bajaji kwa kuiogopa barabara hahesabiwi kabisa upande wa wavukaji. Anaongeza chombo kimoja upande wa magari.

Hesabu ya haki hufanywa siku ya kazi, shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, kisha mchana na jioni watoto wanapotoka. Andikeni kila baada ya dakika 15, hatua 50 kila upande wa geti, maana watu hawavuki mstari mmoja. Watoto, wazee na wenye ulemavu wapewe safu zao. Bodaboda nazo zihesabiwe. Pimeni pia muda wa kusubiri: barabara ya meta 7 mtu mzima huivuka kwa sekunde 6 hivi, mtoto mdogo 8. Magari 1,200 kwa saa ni gari moja kila sekunde 3, kwa hiyo mwanya wa sekunde 8 ni wa kubahatisha, na mtoto aliyechoka kusubiri hukimbia.

Kuhusu ajali, kinachosomwa ni daftari la polisi. Aliyegongwa na bodaboda, pande mbili zikaelewana papo hapo, bila PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), hayumo humo. Daftari la zahanati ya kata lingesema zaidi, nalo halikuombwa.

Hoja ya kuchelewesha magari ndiyo dhaifu kuliko zote. Meta 100 kwa kilometa 50 kwa saa huchukua sekunde 7. Kwa kilometa 30 huchukua 12. Dereva anapoteza sekunde 5. Kwa upande wa pili, gari la kilometa 50 huhitaji kama meta 35 kusimama kwenye lami kavu, ukijumlisha muda wa dereva kushtuka. La kilometa 30 huhitaji nusu ya hapo.

Hatuombi rangi tupu. Zebra ya rangi ya kawaida huchakaa upesi na kufunikwa vumbi, na mbaya zaidi humpa mtoto imani ambayo dereva hana. Tunaomba tuta bapa: kimo sentimeta 10, juu pana meta 4 na zebra juu yake, miteremko ya kuingilia meta 1 au zaidi ili daladala zisiparuze chini. Pembeni ipitishwe bomba, la sivyo mvua ya kwanza itatuama hapo na watu watalikwepa tuta. Kituo cha daladala kihamishwe mbele ya kivuko, abiria wavukie nyuma ya gari, si mbele yake ambako dereva anayelipita hawaoni. Meta 15 kabla ya kivuko pasiegeshwe kitu. Mwenye genge na mwenye bajaji watalalamika, na waoneshwe mahali pengine.

Mradi wa SARSAI, wa shirika la usalama barabarani la Amend, umefanya kazi za aina hii kwenye shule za Dar es Salaam, na mwaka 2019 ulipata tuzo ya WRI Ross, ya miradi inayoboresha miji. Mfano wa kutembelea upo.

Najua barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Hilo haliifungi halmashauri mdomo: baraza la madiwani linaweza kukiweka kivuko kwenye vipaumbele vyake na kutenga fedha za mapato ya ndani. Tunachotaka sasa ni hesabu irudiwe muhula ukiwa unaendelea, mhandisi wa TARURA na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo, na karatasi za hesabu zibandikwe kwenye ofisi ya kata kabla baraza halijakaa.

Mkazi,
Dar es Salaam