Fimbo ya kamera iseme inabeba nini

Mhariri, salamu toka Dodoma. Naomba kanafasi niongee na wapiga picha wenzangu wanaopanda kule Kolo, Kondoa, kuangalia michoro ya miambani, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006. Siku hizi kuna fimbo za kutembelea ambazo ukifungua kirungu cha juu unakuta skrubu ya robo inchi, unafunga kamera hapohapo. Nzuri kwa kweli, ila ni mguu mmoja tu jamani, ukiachia inaanguka, picha za nyota usiku sahau.

Mimi nikanunua ya miguu mitatu mtandaoni, wiki ya pili tu niko kwenye mwamba nimeiegemea, kibano cha kati kikaachia, fimbo ikazama ndani yenyewe kama antena ya redio, goti likachubuka, kamera nashukuru ilikuwa kwenye begi. Namwambia muuzaji ananijibu eti mimi mzito! Kilo 68 hizi?

Wauzaji waandike basi inabeba kamera ya kilo ngapi na kama mtu anaweza kuiegemea, maana hayo ni mambo mawili. Na kile kiatu cha mpira cha chini kikiisha mnakiuza peke yake au ndo tununue fimbo nzima?

Mpiga picha wa harusi,
Area C, Dodoma