Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauza Mahindi, Busia, Uganda

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ilifanyika, misiba miwili tulihudhuria, kodi ya ghala imelipwa. Hayo mnayajua.

Niende kwenye mashine, ile mnayoiita redio ya mwenyekiti. Ni kweli, shilingi 1,600,000 za akiba zilinunua kipima unyevu kabla mkutano mkuu haujaketi. Lakini mweka hazina alitia sahihi, sikujifungia chumbani peke yangu. Mmesahau Machi 2021? Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilikuwepo tangu 2010, mahindi yetu yanaingia Kenya bila ushuru, na bado yalizuiwa kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Zuio lilipolegezwa likaja na sharti la cheti: sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Unyevu nao, viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka usipite asilimia 13.5, maana mahindi mabichi ndiyo yanayoota ukungu. Mikataba wanatia sahihi marais, ila gunia lako linakataliwa na afisa mwenye kipimo mkononi.

Sisi kipimo chetu kilikuwa jino. Msimu uliopita mwenzetu mmoja aliuma punje mbele yangu, akaapa yamekauka. Mashine ikasoma 16. Tukayamwaga kwenye turubai siku tatu, yakapita. Huyohuyo ndiye mlalamikaji mkuu wa leo, simtaji.

Jambo la pili linaniuma. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa iliyokubaliwa, unapata cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka nchi gani, palepale mpakani, bila wakala wa forodha. Niliitisha mafunzo kwa juhudi zangu binafsi. Kati ya wanachama 64 walifika 11, na sina hakika wote hawakufuata soda. Waliobaki wanapita njia za panya, wakinyang'anywa mzigo wananipigia simu saa nane usiku.

Ada ni shilingi 50,000. Waliolipa ni 23, jumla 1,150,000; zinadaiwa 2,050,000. Wanaouliza pesa zimekwenda wapi wengi wao hawamo katika hao 23.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaongeza turubai, na kwa kuwa Kongo nayo iliingia Jumuiya 2022, huenda tukatafuta wanunuzi upande huo.

Mashine iko kwa mweka hazina. Anayeichukua aandike jina daftarini, na airudishe na betri zake.

Mwenyekiti