Kuhusu ngozi yako na hiyo ofisi mpya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana, na pole na kazi. Huku sote hatujambo. Barua yako nimeisoma, nikairudia tena taratibu, maana uliyoniandikia juu ya ngozi yako yamenigusa. Mikono inapasuka, uso unakauka na kuvuta kabla hata ya saa ya chakula cha mchana, madoa yanazidi kwenye shavu moja, na sasa mwenzako wa meza ya jirani amekuletea kopo la krimu lisilo na maandishi. Unajua mimi na pumu ya ngozi tumekua pamoja, na kazi zangu zote nimezifanya ofisini. Haya sikuandikii kwa kusikia tu.

Nianze na hilo kopo, kwa sababu ndilo linalonitia hofu. Usilipake. Najua mwenzako hana nia mbaya, na naamini kweli uso wake umeng'aa. Lakini krimu za kuchanganywa zinazong'arisha ngozi kwa siku chache mara nyingi huwa na steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, au haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, na nyingine huwa na zebaki. Steroidi hutuliza muwasho haraka, ndiyo maana watu huzisifu. Zikipakwa usoni siku baada ya siku bila usimamizi wa daktari, ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, vipele hutoka, na siku ukiacha ghafla uso huwaka kuliko mwanzo. Zebaki ndiyo mbaya zaidi, kwani hupenya mwilini na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliotiwa saini mwaka 2013, uliziweka sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki miongoni mwa bidhaa za kukomeshwa duniani. Krimu isiyosema kilichomo ndani yake isikuguse uso, Rehema, hata kama umeletewa na mtu anayekupenda.

Sasa tuje kwenye ukavu. Umewahi kuyaona yale maji yanayodondoka kwenye kibomba cha kiyoyozi nje ya ukuta? Huo ndio unyevu uliotolewa kwenye hewa unayokaa nayo kutwa nzima. Hewa inayorudi chumbani ni kavu, na hewa kavu huvuta maji popote inapoyapata, ngozi yako ikiwamo. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, bapa, zimepangwa kama matofali ukutani, na katikati yake kuna mafuta yanayoshikilia kila kitu na kuzuia maji yasitoke. Mafuta hayo yakipungua, maji hutoka, uso huanza kuvuta, na kitu kidogo tu, manukato au jasho, kinatosha kuuwasha. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na huo mpango wako wa kununua vitu vya kusugua uso. Ngozi yako imeshapoteza kinga yake, na kuisugua ni kuiondolea hata hicho kidogo kilichobaki.

Fanya hivi. Oga kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na usikae sana bafuni. Jifute kwa kugusagusa taulo, kisha paka mafuta papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, kabla hujavaa. Hiyo tofauti ya dakika chache ni kubwa kuliko tofauti ya bei kati ya krimu moja na nyingine. Kwa mwili na mikono, mafuta ya mgando yale yale ya kawaida yanatosha. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1872, na mpaka leo ni vitu vichache vinavyozuia maji kutoka kwenye ngozi vizuri kuyashinda. Kwa uso, kwa kuwa unasema unapata chunusi, tafuta krimu nyepesi yenye gliserini, isiyo na manukato. Weka nyingine ndogo kwenye droo ya meza yako. Tena ukiweza, omba kiti chako kisogezwe ili upepo wa kiyoyozi usikupige usoni moja kwa moja. Ni ombi dogo, wala usione haya kulisema.

Mikono ndiyo iliyoniumiza zaidi kuisoma, hasa uliposema unashindwa kufunua karatasi kwa sababu vidole vinachoma. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho 7 ni katikati na chini yake ni asidi, iko karibu na 5, lakini sabuni nyingi za kawaida ziko kwenye 9 au 10. Ukinawa kwa sabuni hiyo mara nyingi kwa siku, ngozi haipati muda wa kujirudisha. Basi nawa unapohitaji kunawa: ukitoka chooni, kabla ya kula, mikono ikiwa na uchafu. Suuza hadi sabuni iishe, kausha mpaka katikati ya vidole, halafu paka krimu hapo hapo. Na pete uivue kwanza. Sabuni na maji hujificha chini yake, ndiyo maana mara nyingi kidole cha pete huanza kuwasha kabla ya vingine. Kama mikono ni safi kwa macho na unataka tu kuua vijidudu, kitakasa mikono chenye gliserini huikausha ngozi kidogo kuliko sabuni, japo kwenye michaniko kitakuchoma mwanzoni. Usiku, kabla ya kulala, jaza mafuta ya mgando mikononi na uvae glavu za pamba. Michaniko midogo hulainika asubuhi yake, na mikubwa itakudai uvumilivu wa wiki kadhaa.

Kuhusu shavu lenye madoa, swali langu la kwanza ni hili: je, hilo ndilo lililoelekea dirisha? Watu wengi hudhani wakiwa ndani jua haliwapati. Jua lina miale ya aina mbili isiyoonekana inayofika kwenye ngozi: kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ile inayounguza, lakini miale ya UVA hupita, na hiyo ndiyo inayozama zaidi kwenye ngozi, kuizeesha na kuchochea rangi. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori la kupeleka mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umejikunja na kuwa mnene, na ule wa kulia ulionekana wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Ukiitazama picha hiyo hutakaa tena karibu na dirisha bila pazia.

Kwa hiyo shusha pazia, au geuza meza ikiwezekana. Asubuhi paka mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi (SPF ni kipimo cha kinga, kimeandikwa kwenye chupa), yanayozuia UVA na UVB kwa pamoja, na usiyafanyie ubahili: kwa uso na shingo, mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili ndiyo kipimo. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa hatuyahitaji. Kuungua, ndiyo, hatuungui haraka, lakini madoa hutushika upesi, na hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huyazidisha. Kwa madoa ya namna yako yanafaa zaidi yale yenye rangi inayokaribia ngozi, kwa sababu rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma, nayo huzuia mwanga huo. Mwanga wa kompyuta usikutie wasiwasi. Ni mdogo mno ukiulinganisha na wa jua, na pesa za krimu inayodai kukukinga na skrini zitafanya kazi nzuri zaidi kwingine.

Chunusi nazo usizitumbue, nakuomba. Kwenye ngozi yetu chunusi moja iliyobinywa huacha doa jeusi la miezi. Futa simu yako kabla ya kuiweka shavuni, au tumia spika za masikioni, na punguza ile tabia ya kuegemeza kidevu mkononi unaposoma. Ukianza dawa ya chunusi, ipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Na maji, kunywa kwa sababu mwili unayahitaji, ila usitegemee kwamba glasi za ziada zitalainisha shavu lililokauka kwa kiyoyozi.

Nenda kwa daktari wa ngozi kama muwasho unakuamsha usiku, kama michaniko inatoa usaha, au kama vipele vinajipanga pale pale hereni au saa inapogusa, maana hiyo huenda ni mzio wa nikeli na hakuna krimu itakayokusaidia mpaka ukivue hicho chuma. Na kama ulishaanza kutumia hiyo ya kopo kabla barua hii haijakufika, niambie ukweli, sitakulaumu. Kama umeipaka kwa wiki nyingi, nenda nayo kwa daktari upesi akuelekeze namna ya kuiacha, hasa kama ina steroidi. Niandikie mara tu ukitoka huko, nami nitakuwa nasubiri.

Akupendaye daima,
Mwanaidi