Malalamiko kuhusu matembezi yenu ya msitu wa koki huko Coruche, Ureno, na hela yangu naomba

Lisbon, 29 Septemba 2025

Habari za kazi ndugu zangu wa ofisini,

Naandika kwa Kiswahili maana tangazo lenu lilikuwa la Kiswahili na kwa Kiswahili ndo mlinishawishi, kwahiyo tumalizane kwa Kiswahili hichohicho. Mimi ni yule dada aliyelipia viti vitatu vya jumamosi ya tarehe 20, mimi, mume wangu na mama yangu mzazi, euro 65 kila kichwa, jumla 195, risiti ninayo na meseji zote za WhatsApp ninazo sijafuta hata moja. Leo siku ya tisa, nimepiga simu mara tatu, dada wa mapokezi kila siku ananiambia "meneja yuko safari atakupigia mama". Huyo meneja safari yake haiishi?

Mama amekuja kunitembelea toka Bukoba, mara yake ya kwanza kutoka nje, Kireno hajui na Kiingereza chake ni cha kubahatisha, kila tukimpeleka mahali anabaki kutazama midomo ya watu halafu anatabasamu tu. Sasa nikaona tangazo lenu: muongozaji anayeongea Kiswahili, kikundi kisichozidi watu 8, kutembea taratibu kilomita 6 ndani ya msitu, "mtaona mafundi wakibandua gome laivu", na mwisho kupelekwa Águas de Moura kuuona ule mti maarufu uliopandwa 1783, ule uliochukua taji la Mti wa Mwaka wa Ulaya 2018. Nikasema hapa ndo penyewe. Mama aliposikia msitu wa koki akauliza, kwani huko koki za bomba zinaota? Tulicheka mpaka basi, tukamueleza ni vile vizibo vya chupa za mvinyo, vinatokana na gome la mti, nusu ya koki yote ya dunia inatoka hapahapa Ureno. Wiki nzima akawa anaisubiri hiyo jumamosi kama mtoto anasubiri Idi.

Watu 8 mlisema, tukawa 17 kwenye haisi mbili, ya pili ikapotea njia tukaisubiri dakika 50 kwenye kituo cha mafuta. Hilo nasamehe, barabara ni barabara. Chakula cha mchana pia sina neno nacho, mkate, jibini na zile zeituni vilikuwa vizuri, sitaki kuwa mnafiki.

Tatizo ni msitu.

Tumefika pale mama anauliza mafundi wako wapi, muongozaji wenu anazungukazunguka anaangalia simu, mwisho anasema "leo wamepumzika". Jamani! Kubandua gome la sobreiro, yaani huo mti wa koki, ni kazi ya kiangazi, inaanza kama mwishoni mwa Mei inaishia Agosti, ndo wakati mti unakua kwa nguvu na gome linaachia lenyewe, ukishapita hapo gome linang'ang'ania na ukilazimisha unachana ngozi ya ndani. Hawakupumzika, msimu umeisha! Na nyie mnafanya biashara ya misitu hii mlijua fika mnapopokea hela yangu tarehe 11 Septemba. Ni sawa na kumuuzia mtu tiketi mwezi wa pili aende kuona nyumbu wanavuka mto Mara, wakati nyumbu wote wako Ndutu huko wanazaa.

Na kinachouma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa imefanyika palepale, muda si mrefu. Miti ya pale karibu na uzio ilikuwa imevuliwa kuanzia chini mpaka kwenye matawi ya kwanza, shina jekundu kama chungu kipya hakijaingia jikoni, juu bado gome la zamani limeachwa, la kijivu lenye kukwaruza, unaona kabisa mstari pale shoka lilipoishia, mti kama mtu kavuliwa suruali kaachiwa koti. Na kila shina limechorwa namba 5 kubwa kwa rangi nyeupe. Mama akaenda akaugusa, akauliza hii namba ya nini baba? Muongozaji wenu akajibu bila aibu, "hiyo namba ya kiwanja mama, mwenye shamba namba 5". Tukasogea mbele kidogo, miti ina namba 8, namba 2, imechanganyika na ya namba 5 kwenye shamba lilelile. Mama akaniangalia. Nikanyamaza kwa heshima ya watu.

Halafu akaendelea kutupa darasa, eti miti hii ikishakomaa inakatwa yote inapelekwa kiwandani kutolewa koki halafu wanapanda mingine. Hapo mama ndo akashindwa kuvumilia. Huyu ni mzee wa Buhaya, kwao zamani watu walivaa lubugo, nguo ya gome, babu yake alikuwa anazitwanga kwa nyundo ya mti mpaka gome linalainika linakuwa shuka, na mti wenyewe, huo Waganda wanauita mutuba, ukishauvua unaufunga majani ya mgomba usiungue na jua, unapona, baadaye unauvua tena. Akamwambia kwa upole kabisa, "mwanangu, huu mti haujakatwa, umevuliwa nguo, mbona uko hai na majani yake haya?" Muongozaji akacheka akasema "bibi huku ni Ulaya, teknolojia tofauti". Huyo ni mama yangu, ana miaka 71, na alikuwa sahihi!

Kuna mzee Mreno akapita na kondoo wake, mume wangu ni mtu wa Pemba ya Msumbiji kwahiyo Kireno ni chake, akamsalimia wakaanza stori, na kwa dakika ishirini za yule mzee tulijifunza kuliko saa nne zenu, tena bure. Hiyo namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka mti ulipobanduliwa. 5 ni mwaka huu 2025. 8 ni 2018, sasa jumlisha 9 utajua utavuliwa tena lini, maana sheria hairuhusu kabla ya miaka 9 kupita. Mti unasubiri kama miaka 25 ndo unavuliwa mara ya kwanza, na gome hilo la kwanza ni gumu limejikunja halifai vizibo, la pili nalo bado, mpaka la tatu ndo la kizibo chenyewe, wao wanaliita amadia. Mume wangu anatafsiri, mama anahesabu kwa vidole, 25, 34, 43, akasema kumbe aliyepanda huu hakuwa anajipandia yeye. Mzee alipotafsiriwa akamshika mama mkono. Na kukata ndo kabisa, sobreiro ni mti wa taifa tangu 2011, hata uwe umeota kwenye shamba lako huwezi kuuangusha bila kibali. Sasa muongozaji wenu hiyo habari ya kukata alitoa wapi? Kiswahili anacho tena kitamu, ila tulilipia mtu anayeujua msitu.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike barua badala ya kupiga kelele tu kwenye simu.

Kuna mteja mmoja akaomba kipande cha gome apeleke nyumbani ukumbusho. Muongozaji wenu akatoa kisu mfukoni, akaenda kwenye mti wa namba 5, ule uliovuliwa juzijuzi, akachomeka akaanza kukwangua. Yaani kwenye ngozi mbichi! Pale ndo pa mwisho pa kugusa, ile ngozi nyekundu ndo inayotengeneza gome jipya, wale mafundi wa shoka kazi yao yote wanalipwa vizuri kwasababu wanajua kupiga pigo likaishia kwenye gome bila kuingia ndani, ukiijeruhi pale gome halitarudi vizuri tena. Kilitoka kipande kama ukubwa wa kiganja cha mtoto, na pale palipochubuka palikuwa na unyevunyevu, rangi ya nyama. Mama akapiga ukelele "wee!" Yule mzee akaacha kondoo akaja mbio na fimbo yake, nikajua leo kuna mtu anachapwa, hakumchapa, alikwenda akaweka kiganja juu ya kile kidonda akabaki ameshikilia hivyohivyo anamtazama muongozaji tu. Muongozaji wenu akasema, na hii aliisema kwa Kiswahili ili mzee asielewe, "ni gome tu hili linaota". Kisha akawasha sigara.

Septemba. Majani makavu mpaka yanalia ukiyakanyaga, nyuzi joto 34. Nchi hii mwaka 2017 moto wa misitu uliua watu zaidi ya 100, kila mtu anayeishi hapa anakumbuka, na gome la koki ndo blanketi la ule mti wakati wa moto, sasa ile iliyovuliwa mwaka huu haina blanketi, ikipitiwa na moto inakwenda. Mume wangu ndo alimwambia azime, akazima kwenye soli ya kiatu, kile kichungi akakitupa chini. Nimekiokota mimi. Picha ninazo, ya kidonda na ya sigara.

Águas de Moura hatukwenda. "Muda umeisha." Ulikwisha kituo cha mafuta.

Sasa ninachotaka ni hiki. Kwanza hela yangu, sitaki nusu wala vocha ya safari nyingine, nataka 195 yote kwenye akaunti ileile niliyolipia, maana nilichonunua hakikuwepo na mlijua hakipo. Pili lile tangazo la mafundi laivu mlitoe, jana nimeangalia bado lipo na mnauza tarehe za Oktoba, aisee mna moyo. Tatu mtu wenu aende kwa mwenye lile shamba aombe radhi kuhusu mti, na yule kijana kabla hamjampa tena kikundi mpelekeni akae na watu wa kule hata wiki moja, ni kijana mchangamfu, akifundishwa atafaa, sisemi mumfukuze kazi. Na nitumieni namba yenu ya usajili wa kampuni za matembezi ile ya Turismo de Portugal, mamlaka ya utalii ya hapa, kwenye risiti sijaiona.

Mnajua kwamba kila biashara hapa inatakiwa kuwa na Livro de Reclamações, kitabu cha malalamiko, na siku hizi kipo mpaka mtandaoni. Sijaandika humo bado, nimeona nianze na nyie kwanza maana ni watu wa nyumbani, ila ijumaa jioni kama kimya ni hikihiki nitakaa chini niandike, na Kireno atanisaidia mume wangu, tena kwa furaha.

Mama anarudi Bukoba tarehe 12 Oktoba. Jumapili kabla ya hapo nampeleka mwenyewe Águas de Moura akauone ule mti, kwahiyo hiyo hela ikiingia kabla ya jumapili itakuwa vizuri, nina mafuta ya gari ya kununua.

Mimi mteja wenu wa viti vitatu, mwenye kofia ya njano